Mkilua wa Mama na Jungu Jeupe

Mama alikuwa akionja udongo. Wallahi, kwa ncha ya ulimi. Magoti yalipozikataa ngazi za nyumba yake ya Matrah, huku Omani, alihamia kwangu Al Amerat na sanduku moja la nguo na mche wa mkilua ndani ya debe la samli. Mche huo aliletewa na mdogo wake kutoka Unguja. Asumini Maskati zimejaa, mrehani tele, lakini kilua, ua linalonukia kuyashinda yote hayo, hakuna, wala binti yangu hajapata kulinusa, na kikuba kisicho na kilua, kwa Mama, ni maua yaliyofungwa uzi tu. Alikuwa na haja moja: binti yangu akiolewa, abandikwe kifuani kikuba alichokitunga bibi yake, kwa kilua cha mti wake mwenyewe.

Mchanga aliutaka wa wadi, wa mto uliokauka, ule wa chembe kubwa. Anauosha, anaonja, anatema. "Bado una chumvi," anasema, anauosha tena. Akauchanganya na mbolea ya mbuzi iliyokwisha kukauka kabisa na majani ya mwarobaini yaliyooza. Debe alilitoboa chini kwa msumari, akalipandisha juu ya matofali mawili upande wa kivulini, akalizungushia gunia alilokuwa akilirowesha asubuhi na alasiri, bati lisije likaunguza mizizi. Mie nikipita na ufunguo wa gari mkononi nikimwona amechutama pale, nikiona haya. Ndiyo, haya. Skuli nilikuwa nikiitwa Mzinjibari kwa kejeli, na debe lile lilinirudisha kule kule.

Mwaka wa tatu mkilua ukatia vitumba. Mama akanipigia kelele kutoka uani kama kuna moto: "Njoo uone! Nnakwambia umeshika huu!" Wiki ile ile tukaletewa habari kuwa watu wa mchumba wa binti yangu wanakuja kuposa. Watu wa bara ya Omani, wa milimani, Kiswahili hawakijui. Mie nikaanza kuitazama nyumba kwa macho yao, na macho yao yote, kwa hisabu zangu, yakaishia kwenye debe.

Nikenda kwa muuza miche wa barabarani, nikachagua jungu jeupe la kupandia, la kung'ara, refu, zuri. Yule bwana akaligeuza chini juu, akachukua mashine yake, akaniuliza atoboe matundu mangapi. Nikamwambia asitoboe. Marumaru ya barazani nilikuwa nimetoka kuiweka, sikutaka maji yaitie madoa. Akanitazama, akasema basi angalau nichanganye mchanga mwingi. Nikachukua udongo mweusi wa mifuko, ule laini unaoshika maji, kwa sababu mchanga ungenichelewesha.

"Usiuhamishe, una vitumba," Mama alisema.

"Mama, makopo ya kule tuyaache kule."

Nilimwambia hivyo mama yangu. Alinishikia mche nikimwaga udongo.

Wageni walikuja mchana wa jua kali. Walipita barazani mbio kukimbia joto, wakaingia ndani kwenye ubaridi, mapazia yamefungwa. Wakanywa kahawa, wakala halua, wakakubaliana, wakaondoka kama walivyoingia. Hakuna hata mmoja aliyeligeuzia shingo lile jungu. Hata mmoja!

Baada ya siku chache majani yakaanza kunyong'onyea. Mama akadhani ni kiu, akawa anautilia maji, na mie nikimwona. Nilijua kuwa jungu halina tundu. Nilijua, nikanyamaza, nikijipa moyo kwamba jua la huku litayakausha. Vitumba vikadondoka kimoja kimoja. Siku alipoutikisa shina likamjia mkononi, akaliinamisha jungu, yakamwagika maji meusi yananuka uvundo. Akapapasa chini kwa kiganja, akapapasa tena.

"Tundu liko wapi?"

"Halina, Mama."

"Hata mtu ukimnywesha, anataka pa kuyatolea," akasema, akenda kunawa. Basi. Hakunitukana, hakunilaumu mbele ya mtu. Lau angenitukana ningelala usingizi.

Akamwagiza mdogo wake mche mwingine, lakini mdogo wake siku hizo alikuwa hatoki tena nyumbani, na harusi haikungoja. Asubuhi ya harusi Mama akatunga kikuba cha asumini na mrehani wa kununua. Hakutaka nimshikie uzi. Akambandika mjukuu wake kifuani. Binti yangu akainamisha kichwa, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Bibi, kinanukia! Sijapata kunusa kitu kizuri kama hiki."

"Kweli, mjukuu wangu," Mama akasema, akamweka sawa ushungi. "Hujapata."

Mie nilikuwa nimesimama nyuma yao na pini mkononi, na Mama hakugeuka kunitazama.