Sahihi Iliyomfungia Mwanangu Stoo

Kama unapika, zima jiko kwanza. Hii usiisome umeshika kitu cha moto.

Nilimkuta mwanangu amefungiwa stoo. Mlango umekomewa kwa nje.

Sikuhadithiwa. Niliona kwa macho yangu haya.

Mimi ni msusi. Siku hiyo umeme ulikatika saluni, wateja wakaondoka na vichwa nusu nusu, nikasema ngoja nikamchukue binti yangu mapema. Kwa kawaida mimi humwacha kwenye kituo cha kulelea watoto wa kwanza na kumchukua wa mwisho.

Ana miaka minne. Tunamwita Kinanda, maana hamalizi dakika bila kuimba. Miguu yake haina nguvu tangu azaliwe, anatembea kwa kusukuma kigari cha chuma, na maneno yanamtoka polepole. Lakini akili? Huyo atakuuza mchana kweupe.

Kwenye geti la kituo wameandika kwa rangi nne: TUNAPENDA WATOTO WOTE.

Nikaingia. Watoto wako kwenye duara, wanaimba. Kinanda hayupo. Kigari chake kimeegemezwa ukutani.

"Mwanangu yuko wapi?"

Dada anayewalea akaangalia sakafu. "Amepumzika, mama."

"Wapi?"

Halafu nikamsikia. Anaimba wimbo ule ule wa wenzake, ila sauti inatoka nyuma ya mlango, mwisho wa korido.

Nikavuta komeo.

Ndoo. Mafagio. Madumu ya sabuni. Katikati yake mwanangu, kwenye mkeka, nguo imelowa, anapiga makofi peke yake.

Akaniona, akacheka. "Mama! Nimekaa vizuri."

Jamani. Hilo "nimekaa vizuri" ndilo lililonipandisha mori.

Nikambeba hadi ofisini kwa Madam, mwenye kituo.

"Mama Kinanda, punguza sauti. Kuna wageni."

"Wako ungemfungia na ndoo?"

"Ni pale tu wazazi wapya wakija kuangalia kituo. Wengine wanaogopa."

"Wanaogopa nini? Anauma?"

Akavuta droo, akanisukumia karatasi. "Sisi hatufanyi kitu bila ridhaa ya mzazi."

Nikasoma. Mtoto akae chumba cha pembeni wageni wakija, na pia wazazi wengine wanapoleta na kuchukua watoto wao. Chini kuna sahihi, ina mkia mrefu kama wa panya.

Naijua. Iko kwenye cheti changu cha ndoa.

Mume wangu.

Nilimsubiri sebuleni, bado nimevaa viatu.

"Baba Kinanda, ulisaini?"

Hakuuliza nini. Hapo ndipo nilipojua.

"Bosi wangu anawaleta pacha wake pale," akasema. "Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia, 'Huyu ni mwanangu.' Maneno matatu!"

"Sikujua ni stoo. Walisema chumba."

"Na hukwenda kukiangalia."

Na mimi sikumwonea huruma hata chembe.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa ofisa ustawi wa jamii kabla hajafika. Mama mmoja wa miwani, haongei sana. Tulikwenda naye. Akaligusa lile komeo, akaisoma karatasi, akamgeukia Madam.

"Hakuna mzazi mwenye ruhusa ya kusaini mtoto wake afungiwe. Wala wewe huna ruhusa ya kuipokea hiyo sahihi."

Komeo liling'olewa mbele yetu. Madam akapewa amri ya maandishi: Kinanda darasani, saa zote, na kituo kisipokee mtoto mpya mpaka kikaguliwe upya.

Watu wakaniambia mhamishe. Nihame kwa kosa la nani?

Jumatatu nikamwambia mume wangu, "Utampeleka wewe. Saa ambayo watu wamejaa." Nami nikafuata nyuma.

Bosi alikuwa getini na pacha wake. Mume wangu jasho likamtoka. Pacha mmoja akaja mbio mpaka kwenye kigari.

"Leo umemaliza adhabu?"

Bosi akashangaa. "Adhabu gani?"

"Huyu wanamfungia kila siku, baba." Akamgeukia Kinanda. "Ulifanya kosa gani?"

Kumbe muda wote watoto walidhani ana makosa!

Kinanda akafikiri. Kisha akainua uso kwa baba yake, taratibu kama kawaida yake.

"Baba... nilikosa nini?"

Mume wangu akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, bosi anamtazama.

"Hukukosa, mama. Baba ndiye aliyekosa."

Sasa yeye ndiye anayempeleka kila asubuhi. Wanasema nilimdhalilisha. Waseme. Hasira yangu haijaisha, na sina haraka nayo.

Wewe mzazi mwenzangu, nenda kituoni saa wasiyokutegemea. Mtafute mtoto wako mpaka umwone. Ukimkuta amefichwa, piga kelele hapo, halafu rudi nyumbani ukaulize nani alikubali. Na mtoto mwambie kwa mdomo wako kwamba hana kosa, maana asipoambiwa, atakaa humo akiamini analo.