Mama Mwenye Masharubu

Nilipoajiriwa kwenye duka la vitambaa pale mjini Morogoro, kitu cha kwanza kilichonishinda hakikuwa kupima wala kukata. Kilikuwa neno mama. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa Kigujarati, mzaliwa wa hapo hapo Morogoro, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha wateja wetu wengi. Lakini nyumbani kwao, ghorofani juu ya duka, walizungumza lugha yao. Siku moja binti yao mkubwa aliteremka ngazi mbio akisema mama amefika, mama amefika. Mama yake nilikuwa naye kaunta, tunakunja khanga. Nikatoka kuangalia ni mama gani huyo. Kutoka kwenye teksi akashuka mwanaume mwenye tumbo na masharubu mazito, na binti akamkumbatia.

Mke wa mwenye duka ndiye aliyenifafanulia. Kwao mama ni kaka wa mama, yaani mjomba, na mama mzazi ana jina lake lingine. Nilicheka sana, kisha nikaona aibu, maana yeye hakucheka.

Jioni nilikipeleka kichekesho hicho nyumbani kwetu Kihonda. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mama yangu aliendelea kuchambua mchele.

"Hao wana akili," alisema. "Wamempa mtu jina linalomstahili."

Mama alikuwa Mluguru wa Kinole, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba linatoka upande huo, na msemaji wa upande huo ni mjomba. Baba alikuwa mtu wa Tarime. Kwao mtoto ni wa baba, na maneno yalikwisha siku mahari ilipotolewa. Mambo ya wakwe zake aliyaita serikali ya wajomba, na kwa miaka mingi yalikuwa matani tu, kwa sababu baba alikuwa na kazi kiwandani na hakuna aliyehitaji kumwomba mwenzake kitu.

Mimi nikaanza kulifuatilia neno lile kama mtu anayefuatilia habari za jirani. Miaka hiyo mipaka ilikuwa imelegezwa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na dereva mmoja Mkikuyu aliyekuwa akileta marobota ya mitumba kutoka Kenya aliniambia kwao pia mama ni mjomba. Sisi wenyewe tunamwita mama mteja, tunamwita mama mke wa bosi, na mtoto wa kike wa miaka miwili akianguka tunamwambia pole mama. Baadaye sana nilisoma kuwa kuna nchi moja ya milimani, Jojia, ambako mama ni baba. Hapo nikaacha kushangaa.

Kisha kiwanda kikauzwa na baba akapunguzwa kazi. Alirudi nyumbani na viatu vyake vya kazini ndani ya mfuko wa rambo, akaviweka chini ya kitanda, na tangu siku ile matani ya serikali ya wajomba yakakoma. Ukitaja Kinole alikuwa anatoka nje. Mimi nilidhani ni hasira za kukosa kazi.

Ndani ya mwaka huo nikaposwa na fundi mmoja wa reli kutoka Ngerengere. Baba alipokea washenga peke yake, akakubali peke yake, akapanga siku. Mama alisema mara moja tu kwamba kaka yake hajaambiwa. Baba akajibu ataalikwa kama watu wengine. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikaona hilo ni jambo la kumaliza mwenyewe. Kadi za kuchapisha ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia mjini, zina maua na maandishi ya dhahabu, na mtu aliyekupa kadi ulijua anakuheshimu. Nikachagua iliyo nzuri kuliko zote, nikaandika jina la mjomba kwa mwandiko wangu bora, nikampa mama mmoja muuza ndizi wa Kinole ampelekee.

Siku ya soko iliyofuata kadi ilirudi. Ilikuwa kwenye bahasha yake, imefunguliwa, imesomwa, imerudishwa. Hakukuwa na ujumbe.

Mama aliishika, akakaa kwenye kigoda.

"Umemwalika mwenye shughuli," alisema. "Mjomba wako haalikwi, mwanangu. Anaendewa, anaelezwa, halafu yeye ndiye anayealika ukoo. Umemfanya mgeni."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui. Ila kaka yangu asipokuja, mimi siku hiyo sitoki chumbani."

Mama hakuwa mtu wa vitisho. Alipokuwa mdogo yeye na kaka yake walibaki yatima, na kaka huyo, aliyemzidi miaka miwili tu, ndiye aliyemlea. Nilijua hatatoka kweli. Baba aliposikia alisema basi, asije, yeye yupo. Nilimkasirikia, na nilijikasirikia zaidi. Harusi ilikuwa yangu, na ilikuwa inanivunjikia mikononi kwa karatasi niliyoinunua mwenyewe.

Wiki ile ile yule binti wa dukani naye alikuwa anaolewa, na kwa sababu hiyo duka lilifungwa adhuhuri. Nilipanda ghorofani kusaidia kubeba vyombo. Nyumba ilijaa watu na hakuna aliyekuwa anafanya kitu. Bibi harusi amekaa kitandani, nywele zimesukwa, hina imekauka, lakini bado amevaa gauni la nyumbani. Sari yake nyeupe yenye pindo jekundu ilikuwa inaletwa na mjomba, ndiyo desturi, na gari la mjomba lilikuwa limeharibikia njiani. Sari dukani kwetu zilijaa mpaka darini. Hakuna aliyethubutu kuzitaja.

Mwenye duka, mtu aliyekuwa anatufokea tukichelewa dakika tano, alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, mikono kwenye magoti, anamngoja shemeji yake. Nikamuuliza mkewe kwa sauti ya chini kama mzee hajakasirika.

"Akasirike amwambie nani?" alisema. "Bila mama hakuna harusi. Anajua."

Nilimwangalia tena yule mzee. Kungoja hakukuwa kumempunguzia heshima. Nikaomba ruhusa ya siku moja niende Kinole.

Kesho yake alfajiri nilipanda pikapu iliyokuwa inarudi mlimani baada ya kushusha ndizi sokoni, na mahali pikapu ilipokomea nikatembea. Mjomba nilimkuta uani kwake anaanika pilipili manga kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kigoda. Kwa muda tulizungumza habari za mvua na za mananasi. Kwao huko huanzi na shida yako.

"Kadi yako ilikuwa nzuri," alisema hatimaye. "Ina maua."

"Nisamehe, mjomba. Sikujua."

"Wewe nilishakusamehe kabla sijaitia tena kwenye bahasha. Sikuirudisha kwa ajili yako." Aliendelea kutandaza pilipili kwa kiganja. "Baba yako alipopunguzwa kazi nilimpelekea salamu mara tatu. Aje tuonane, kuna shamba la bibi yenu limekaa bure, ni lenu nyinyi watoto, alime. Hakuja, wala hakujibu. Nikasema ana uchungu, nimwache. Sasa anaozesha mtoto, na mimi napata karatasi."

Hizo salamu tatu nilikuwa sizijui. Nilijisikia vibaya kwa ajili ya mjomba, na kwa ajili ya baba vilevile, nilipomwona kichwani mwangu akipokea ujumbe wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, bila kumwambia mtu.

"Kamwambie aje mwenyewe," mjomba alisema. "Akija, nashuka na ukoo mzima. Asipokuja, olewa tu, mama, sitakulaani. Ila sitakuja kukaa kwenye kiti nilichopangiwa."

Nilirudi Kihonda na ujumbe huo pamoja na mkungu wa ndizi, nikavitua vyote viwili mbele ya baba. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ndizi ni za kupika au za kuiva. Hakusema lingine, siku ile, na kesho yake, na keshokutwa. Nyumba ikawa kimya kama ofisi siku ya sikukuu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga barua ya kumwambia mchumba wangu tusogeze siku.

Jumapili asubuhi baba alitoka chumbani na koti lake, akampa mama alipige pasi.

"Njia ya Kinole ina matope kiasi gani?" aliniuliza.

Akainama chini ya kitanda akatoa vile viatu vya kazini.

Tulipanda pamoja. Hakuwa amepanda mlima ule kwa miaka mingi na pumzi zilimpiga chenga. Kila alipochoka alisimama akajifanya anaangalia mandhari, nami nikamsaidia kuangalia. Alinibebesha kikapu chenye sukari na kitenge cha mke wa mjomba, akaninyang'anya, akanibebesha tena. Sijawahi kumwona baba na wasiwasi namna ile, hata siku aliyopunguzwa kazi.

Mjomba alikuwa mlangoni. Bila shaka watoto walishamwambia nani anapanda. Hakutoka kuja kutupokea, wala hakuingia ndani. Baba alimzidi umri kwa miaka tisa, na siku zote walikuwa wakisalimiana kwa mikono na kuitana shemeji. Baba alivuka ua, akavua kofia, akasimama chini ya ngazi ya udongo.

"Shikamoo," alisema.

Nilitamani ardhi inimeze. Baba yangu hakuwa anamwamkia mtu aliyezaliwa nyuma yake. Kuku walikuwa wakichakura nyuma ya jiko. Angeitikia marahaba, ingekuwa haki yake, na baba angebaki chini ya ile ngazi maisha yake yote.

Mjomba akashuka. Akaja mpaka alipokuwa baba, akainamisha kichwa, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

Baba akaitikia.

"Marahaba."

Wakaingia ndani wameshikana mikono, wakanisahau uani na kikapu changu.