Mizunguko Thelathini na Tatu

Baba alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, aliacha vitu vitatu ambavyo kila mtu aliviona: baiskeli, cherehani ya mama, na mashine ya santuri pamoja na ampli yake ya kukuza sauti na vipaza sauti viwili vya mbao. Aliacha pia kitu cha nne ambacho hakuna aliyekitaka. Ni kipimo cha volti alichotumia kazini kwenye reli, kisanduku cheusi chenye sindano na nyaya mbili. Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa nimetoka shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari ili nilee wadogo zangu watatu. Kipimo kile nilijua kukisoma.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuja kwetu Kindu kwa boti kutoka Lokandu. Safari ya kwanza alichukua baiskeli, ya pili cherehani. Ndiyo desturi, ndugu wa marehemu huangalia mali, na sikugombana naye. Lakini kwetu inajulikana: vitu vikiisha nyumbani, wanaofuata kugawanywa ni watoto, huyu kwa mjomba, yule kwa shangazi. Alipokuja safari ya tatu akaketi mbele ya mashine ya santuri, niliamua kwamba hii haitoki.

Ilikuwa magharibi. Aliomba wimbo anaoupenda, ule ambao mtaa mzima uliujua. Sauti ilitoka nzito, ikijikokota.

"Mashine iko mugonjwa," alisema. "Munaiua. Hii njo kazi ya wanaume."

"Haiko mugonjwa, baba mudogo. Umeme njo inachoka."

"Umeme inachoka? Inatembeaka kwa miguu?"

Wadogo zangu walicheka. Nilicheka nami, kisha nikachomeka kipimo ukutani. Sindano ilisimama kwenye mia na sitini, na nyuma ya ampli, ambako mashine ilipata umeme wake, pameandikwa mia mbili na ishirini. Nyumba yetu ya mtaa wa Mikelenge ilikuwa ya mwisho kwenye mstari wa nguzo za umeme. Jioni kila nyumba iliyotutangulia iliwasha taa na kuweka sufuria kwenye resho, jiko la umeme, sisi tukapata makombo. Nilikuwa nimepima wiki nyingi: adhuhuri mia mbili na kumi na tano, magharibi mia na sitini. Hayo hayakuwa maoni yangu. Sindano ndiyo iliyosema.

Baba mdogo hakutazama sindano. Aliinama nyuma ya ampli akaona kifungo cha kugeuza.

"Hapa wameandika mia na kumi. Tugeuze, ipate nguvu."

Nilimshika mkono. Kwa jioni ile ingeimba vizuri, kweli, lakini kesho mchana, umeme ukirudi kamili, ingeungua mbele ya macho yetu.

"Wewe uliacha shule, sasa utanifundisha mimi?"

"Shule niliacha, baba mudogo. Kipimo sikuacha."

Basi shauri likapelekwa kwa shangazi, dada yao mkubwa, ambaye neno lake halikupingwa na yeyote katika ukoo. Aliagiza tukutane Jumamosi adhuhuri, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, watu wakishaweka chini majembe na mafagio. Kama mashine ni mgonjwa, ingekwenda Lokandu. Kama ni nzima, ingebaki.

"Na kule Lokandu kuko umeme?" shangazi aliuliza alipofika.

"Itakuja," alijibu baba mdogo, akinyoosha kola ya koti lake la abakosti.

"Ah. Mashine itaingojea chini ya kitambaa."

"Heri chini ya kitambaa kuliko mikononi mwa hawa."

Nilipima mbele yao: mia mbili na kumi na sita. Nikaweka wimbo ule ule. Mchana nilizoea kupima tu, maana wakati huo kila mmoja yuko shambani au kazini na santuri ilikuwa jambo la jioni. Kwa hiyo nami nilishtuka kama wengine. Ngoma zilikaza mwendo, gitaa likapanda, na mwimbaji, ambaye miaka yote tulimjua kuwa mwanamume wa makamo, aliimba kwa sauti nyororo ya mwanamke.

"Huyu ni nani?" shangazi aliuliza.

"Njo yeye," nilisema.

"Yeye ni mwanaume!" alipiga kelele jirani aliyesimama mlangoni. "Mumemupa nini?"

Baba mdogo alisimama, uso umemng'aa. "Munaona! Juzi ilikuwa inalala, leo inakimbia. Imepagawa kabisa."

Hapo niliona jinsi nilivyokaribia kushindwa. Nilikuwa nimeahidi uzima, nikawaletea mgeni. Lakini santuri yenyewe ina maandishi katikati: thelathini na tatu na theluthi. Niliwaonyesha, nikaeleza kwamba ndiyo mizunguko yake kwa dakika moja, si zaidi wala pungufu; ikipungua, sauti huwa nzito, hata ya mwanamke ikasikika ya mwanamume. Nikabandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani inayozunguka, kwa tonge la ugali wa jana. Saa ya mkononi alikuwa nayo baba mdogo. Nani ahesabu? Yeye hakuniamini, mimi sikumwamini.

Shangazi alitoa tasbihi mfukoni.

"Thelathini na tatu," alisema, "vidole vyangu vinaijua hata nikisinzia. Mungu anisamehe kuhesabu muziki."

Karatasi ikipita mbele yake, punje moja. Ikipita tena, punje nyingine. Baba mdogo aliikazia macho saa yake, na kwa haki nasema hakudanganya hata kidogo.

"Basi!" alisema dakika ilipotimia.

Kidole gumba cha shangazi kilikuwa kimefika kwenye punje ndefu, ile inayotenga fungu la kwanza na la pili. Karatasi ilikuwa imepita mbele yake kwa theluthi ya mzunguko. Aliinua mkono, kila mtu akaona.

"Njo huyu sasa mwenyewe," alisema. "Sisi wote tulikuwa tunaimba uongo. Mashine ni nzima, haitoki. Na watoto hawatoki."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza juu ya watoto. Alijua tu.

Boti la Lokandu lilikuwa la kesho yake. Magharibi baba mdogo aliniomba wimbo mara ya mwisho. Sindano ilikuwa imeshuka, na mwanamume wetu wa makamo akarudi, akijikokota. Baba mdogo alifumba macho, akaimba naye kwa sauti nzito tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mimi," alisema, "ninapenda huyu."

"Uje wakati wowote, baba mudogo. Jioni yuko hapa."