Wimbo Niliosema Umetoka Ulaya

Ninyi mnaoimba na kitabu mkononi, sikieni aibu yangu, mnicheke kama mtaweza.

Mimi ni mwalimu wa dini hapa Kamina, na huwaeleza watu asili ya kila wimbo kabla haujaimbwa. Najua nini? Kitabu kilichapwa Ulaya, basi nikasema nyimbo zote zilitoka Ulaya. Ule wa ufufuko, ambao watu wanaupenda kuliko yote, niliwaambia ulitungwa na watawa wenye ndevu, kwenye theluji. Hata theluji yenyewe sijawahi kuiona.

Wiki iliyopita, pamoja na padri wetu mzee, tulimzika kijana wa reli aliyebanwa kati ya mabehewa mawili. Tulipouanza wimbo ule kaburini, mama yake, Mama Ngoie, akauimba kwa maneno mengine, ya Kiluba, lugha ya kwao, huku analia. Nikanyoosha mkono, watu wote wakanyamaza.

"Mama Ngoie," nikasema kwa sauti ya mimbarini, "usichafue wimbo wa kanisa kwa kilio cha kipagani."

Akaniangalia bila hasira.

"Mwalimu, mimi njo nilitungaka huu wimbo. Siku nilizikaka mutoto wangu wa kwanza, padri huyu alikuwa pale, anaandika. Kisha akatia maneno yake. Leo niko nazika wa pili. Uniache nimulilie na wimbo wangu."

Akaendelea kuimba. Nikamgeukia padri anitetee. Mzee yule alikuwa amevua kofia, anamwitikia kwa Kiluba, neno kwa neno.