Mtoto Aliyelijibu Jina la Makokha

Nilipokuwa mtoto, katika boma letu lililozungukwa na miwa kwenye njia ya Mumias, babu yangu hakuwa hai wala hakuwa marehemu. Alikuwa amepotea. Neno hilo ndilo pekee ambalo serikali ya kikoloni iliyompeleka vitani ilimletea bibi yangu, Kukhu, na lililetwa kwa mdomo na tarishi wa chifu ambaye hakushuka hata kwenye baiskeli yake.

Yaliyobaki tuliyapata kwa Mzee Wangatia, jirani aliyechukuliwa pamoja na babu kwenda kupakua shehena katika bandari moja ya mbali. Alisimulia kwamba alfajiri moja nyambizi iliibuka karibu na pwani, kama kiboko anavyoibuka mtoni Nzoia, ikalipiga gati na matangi ya mafuta kwa mizinga, kisha ikazama kabla walinzi wa nchi kavu hawajaamka sawasawa. Babu alikuwa zamu gatini. Moto ulipozimwa, gati halikuwepo, na watu wa zamu hawakuonekana. Leo nikiupima ushahidi huo nauona una pengo: siku hiyo Mzee Wangatia alikuwa amelala kambini na homa, nyuma ya kilima. Alichosikia yeye ni mshindo. Mengine alisimuliwa. Lakini hakuwahi kudai zaidi ya hapo, na kwa hilo namheshimu.

Kukhu naye aliupima, kwa njia yake. Hakuna aliyeuona mwili; kwa hiyo hapakuwa na msiba. Alikataa kunyolewa nywele, kama wajane wa kwetu wanavyonyolewa baada ya mazishi. Shemeji aliyekuja kumrithi aliambiwa kwamba mke wa mtu harithiwi, akaondoka bila kupewa hata chai. Nywele zilimea hadi zikawa mvi chini ya kitambaa chake, na hakuna aliyethubutu kumwita mjane akiwa anasikia.

Ndipo akazaliwa mdogo wangu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa hivi, na kazi yangu ilikuwa kumbeba. Alilia usiku na mchana, akawa hanyonyi ila kidogo, akakonda. Muuguzi wa zahanati ya misheni alimchunguza asione ugonjwa. Kwetu mtoto wa namna hiyo husemekana anadai jina: yupo marehemu wa ukoo anayetaka kurudi kupitia kwake. Wanawake huketi, mama humwekea titi mdomoni, na majina ya marehemu huitwa moja baada ya jingine. Litakalomnyamazisha ndilo lake. Sharti ni kwamba aliye hai haitwi, maana kumwita ni kumzika.

Waliketi alasiri moja jikoni kwa mama, na Kukhu ndiye aliyekuwa akiita. Alianza na wakongwe ambao hata baba hakuwafahamu. Mtoto alilia. Alipofika kwa ami mmoja aliyekufa kwa ulevi, jirani yetu Mama Nekesa akamkatiza: "Huyo mruke, Kukhu. Mtoto atayatema maziwa adai busaa." Walicheka wote, hata mama, ambaye hakuwa amelala kwa siku kadhaa.

Majina yakaisha. Sauti ya mtoto ilikuwa imekauka, ikisikika kama mlango mbovu. Senge Rosa, dada ya baba, alikuwa tumboni babu alipochukuliwa, hakuwahi kumwona. Alisema taratibu kwamba limebaki jina moja.

"Hilo si la wafu," Kukhu akajibu. "Ukimwita unamuua."

"Mama, anayekufa ni huyu mtoto."

"Na baba yako akirudi, akute jina lake limevaliwa na mwingine?"

Senge akamsogelea mtoto. "Wenzangu wana baba, ama wana kaburi la baba. Mimi nimechoka kuwa mtoto wa mtu anayekuja."

Akainama karibu kabisa na uso wa mtoto, akaita: "Makokha."

Mtoto akalishika titi, akanyonya, akanyamaza.

Ilipasa vigelegele vipigwe. Hakuna aliyepiga. Mama alijaribu kusema kwamba pengine mtoto alichoka tu, na nadhani alisema kwa kumhurumia mama mkwe wake. Kukhu alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kisha akakifungua kitambaa.

"Huyu amenijibu," alisema. "Leteni wembe."

Senge ndiye aliyemnyoa, pale uani, huku akilia kuliko anayenyolewa. Kukhu hakulia. Alituambia tu kwamba alituonya: tukimwita atakufa, na sasa amekufa. Tangu jioni ile alikuwa mjane, na alizeeka kama mtu aliyeachiliwa kuzeeka.

Nimelipima tukio hilo mara nyingi. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi. Jina la Makokha liliitwa mwisho kwa sababu lilikuwa limekatazwa, nalo liliitwa na mtu aliyemwinamia. Jina lolote ambalo lingeitwa mahali pale lingeshinda. Mahakamani ningeliangusha dai hilo bila kuinuka kitini. Lakini sheria niliyosomea nayo inasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia huchukuliwa kuwa amekufa. Nayo pia hutoa hukumu kutokana na kimya. Hakuna aliyekuja bomani kumweleza Kukhu hata hilo.

Nimesoma kuhusu mashambulizi ya nyambizi dhidi ya bandari. Matangi hutajwa, meli hutajwa, nahodha wa nyambizi hutajwa na nishani zake. Vibarua waliokuwa gatini hutajwa kwa pamoja, ikiwa hata wanatajwa.

Siamini kwamba babu alirudi katika mwili wa mdogo wangu, ambaye leo ni mwalimu wa hesabu na hulicheka jambo hili kuliko mimi. Ila kila ninapomaliza kuzibomoa hoja za wanawake wale wa jikoni, nabaki na pande mbili zilizokuwa na wajibu wa kumjibu Kukhu: waliompeleka mume wake gatini, na waliomfyatulia mizinga. Wote walikuwa na makarani, ramani na redio. Aliyemjibu ni mtoto mchanga asiye na jino.