Mbwa Niliyemfanya Abweke

Mwaka ule nilikuwa kantonye. Kazi ya kantonye ni kufukia mashimo ya barabara, na kipande changu kilianzia kwenye daraja la mbao chini ya Mushaki mpaka kwenye ile kona ambapo malori hulia kwa kupanda. Asubuhi unajaza shimo mawe, mchana mvua inayang'oa, kesho unaanza tena. Watu walifikiri kazi hiyo ndiyo iliyonichosha. Hata! Kilichonichosha ni kaye moja ya shule, yenye jalada la bluu, ambamo nilikuwa naandika hadithi.

Nilikuwa nimesoma miaka mitano tu kwa mapadri. Lakini gazeti la misioni lilikuwa na ukurasa wa hadithi za wasomaji, na padri alikuwa ametangaza baada ya misa kwamba kiangazi kikiisha atashuka mjini, na mwenye barua ya gazeti amletee. Nikajiapia moyoni: hadithi yangu lazima iende na padri. Isipokwenda, basi mimi si mwandishi, nibaki na mawe yangu, na kaye nimpe bibi.

Bibi yangu, mama ya mama, Koko nilivyomwita, ndiye niliyeishi naye. Aliingojea kaye ile kuliko mimi nilivyolingojea gazeti. Alitaka karatasi za kufungia tumbako yake. Kila akipita alikuwa anaitazama, kisha ananitazama mimi, kama mtu anayemuuliza mgonjwa bado anaendeleaje.

Shida yangu ya kwanza ilikuwa jua. Petroli ya taa tuliitunza kwa wageni na wagonjwa, kwa hiyo sikuweza kuandika ila mchana, siku ya Yesu baada ya misa, na siku ambazo mvua ilitufukuza barabarani. Na kwetu hadithi ni kitu cha jioni, moto ukiwa umewaka na maharagwe yako jikoni. Mwenye kusimulia mchana anageuka mjusi. Bibi hakuwa na mchezo na neno hilo.

"Hadithi na jua hii yote?"

"Koko, mimi sisemi kitu. Ninaandika."

"Na mukono yako haisemi?"

Nilihamia nyuma ya zizi la ng'ombe, nikaandika huko huku nzi wakinila, na kila mjusi aliyepita ukutani nilimwangalia mara mbili.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwindaji wa Walikale. Mimi mtoto wa vilima, ninayejua maharagwe, mihogo na ng'ombe, nilikwenda kuchagua msitu nisiowahi kuingia! Nilifikiri msitu ni mzuri zaidi kwa kuandika. Mwindaji wangu anatumbukia ndani ya shimo la mtego. Mbwa wake anabaki ukingoni, anabweka siku tatu bila kula, mpaka sauti inamkauka, na watu wa kijiji wanasikia wanakuja kumtoa. Mahali pale pa sauti kukauka nililia mwenyewe. Kurasa kumi na moja, na nusu yake ni mbwa anabweka.

Zikiwa zimebaki wiki tatu padri aondoke, tulipelekwa Kalembe kusaidia kutengeneza daraja lililochukuliwa na maji. Kalembe ni mpakani. Ukivuka kidogo uko upande wa Walikale. Huko kulikuwa na Papa mmoja mwindaji, mzee aliyekuja kila siku kutuuzia nyama ya kukaushwa. Nikasema, Mungu ameniletea mwenyewe. Siku moja wakati wa kupumzika nikamkalisha juu ya gogo, nikamsomea yote. Wenzangu wa barabara nao wakasogea.

Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akauliza pole pole:

"Kaka, hii mbwa iko ya wapi?"

"Ya Walikale, Papa."

"Walikale gani? Mbwa yetu haibwekaka."

Nilidhani ananitania. Akapiga mluzi. Kikatoka vichakani kimbwa chekundu, mkia umejikunja juu ya mgongo, na shingoni kengele ya mbao. Akamwonyesha kwa kidole, akasema, "Njo huyu. Mubwekeshe."

Nikapiga mguu chini. Kimya. Nikaokota jiwe, nikajifanya mwizi wa nyama. Kimya. Mwishoni mimi mwenyewe, mfanyakazi wa serikali, nikainama mbele ya mbwa yule nikabweka, nimwonyeshe jinsi inavyofanywa. Akanitazama. Akapiga miayo.

"Ongeza sauti, kaka!" wenzangu walipiga kelele. "Pengine hasikiaka Kiswahili!"

Walicheka mpaka mmoja akakaa ndani ya matope. Papa peke yake hakucheka sana, nadhani alinihurumia. Akanivuta pembeni akanionyesha kengele. Ilikuwa imejazwa majani.

"Tukiwa njiani tunaizibaka hivi, nyama isitusikie. Tukifika pa kuwinda, tunatoa majani, njo mbwa anakuwa na sauti. Bila kengele mbwa anapotea mule, na wewe unapotea."

Nilimshukuru. Lakini moyoni nilikuwa nawaka. Kurasa kumi na moja! Jioni ile sikula. Nilijiuliza ni nani aliyenidanganya kwamba mtu wa miaka mitano ya shule anaweza kutunga jambo, ikiwa hata mbwa hamjui. Siku zilizofuata nilijaribu kuiponya. Nikamweka mwindaji apige kelele mwenyewe; lakini shimo ni refu na msitu ni mzito, nani atamsikia? Nikambadilisha mbwa awe mbuzi, kwa sababu mbuzi ana sauti. Mbuzi haendi kuwinda. Nikamhamisha mwindaji aje kwetu Masisi, akawa mchunga ng'ombe aliyeanguka shimoni mita mia kutoka nyumbani kwake, na mke wake akamwona mara moja. Hadithi ikaisha katika mistari minne.

Tuliporudi nyumbani, siku ya Yesu mchana, nilimpelekea bibi kaye yake. "Fungia tumbako," nikasema. Padri alikuwa anaondoka baada ya siku nne.

Bibi akang'oa ukurasa wa kwanza, akaweka tumbako, akaufunga vizuri. Akashika wa pili, akasimama.

"Hapa kunasemwa nini?"

"Mwindaji ameanguka ndani ya shimo."

"Mama yangu! Na mbwa?"

"Mbwa yuko juu. Hana sauti, Koko. Iko na kengele, na kengele imejaa majani."

"Nani anatoa majani?"

"Hakuna. Mwenye kutoa njo yuko ndani ya shimo."

Bibi alikuwa bado ameushika ukurasa. Jua lilikuwa limeingia mpaka katikati ya nyumba. Nilingoja ang'oe. Hakung'oa.

"Sasa?" akasema.

"Sasa nini?"

"Anakufa mule? Sema basi!"

"Koko, ni mchana."

Akatazama nje, akatazama ukutani, nadhani alikuwa anatafuta mjusi. Kisha akasema kwa hasira, kama vile kosa ni langu:

"Funga mulango!"

Nikaufunga. Ndani kukawa giza kama jioni, na bibi akachochea moto kidogo ili jambo liwe halali. Ndipo nikaanza kusema, bila kujua ninakwenda wapi. Nikasema mbwa anazunguka shimo. Nikasema anajikuna shingo kwenye mti, siku nzima, mpaka ngozi inachubuka. "Eeh," akasema bibi. Nikasema jani moja linaanguka. "Eeh!" La pili. Kengele ikagonga mara moja tu, ko, na bibi akapiga makofi, mimi nikafungua mlango mbio kutafuta kalamu.

Niliandika siku nne, asubuhi kabla ya mawe na mchana wakati wa kula, mlango ukiwa umerudishwa. Ukurasa wa kwanza nilimnyang'anya bibi, nikaunyoosha kwa kiganja. Ulikwenda kwa padri ukinuka tumbako.

Jibu lilifika mvua zikiwa zimekolea, kwa mkono wa dereva wa lori. Nililisoma nimesimama kwenye kipande changu, jembe begani. Watu wa gazeti waliandika kwamba hadithi iliwapendeza. Ila mbwa wa mwindaji hubweka, jambo hilo hata mtoto analijua. Nisahihishe, kisha niwatumie tena.

Nilizika shimo moja kwa mawe yaliyotosha mashimo matatu. Dereva aliniuliza kama nimefiwa.

Nyumbani nikamwambia bibi neno lao.

"Bao ni bantu ya wapi?" akauliza.

"Ya mujini, Koko."

Akatema tumbako pembeni. Akanyoosha mkono, akanipa karatasi mbili alizokuwa ameficha chini ya kitanda, safi kabisa, hazijafungiwa kitu.

"Baandikie tena. Mbwa ni ile ile."

Nikarudisha mlango, nikaacha ufa mdogo wa kuonea kalamu, nikaanza tena na lile shimo.