Mahali pa Kupigia Picha

Hoteli ile ilikuwa na chumba cha kufulia chini kabisa, ambako mvuke ulitanda tangu milango inafunguliwa mpaka inafungwa, na humo ndimo alimofanya kazi mwanamke waliyemwita Mkunjo. Jina la kwenye kitambulisho alikuwa nalo, ila hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa mpigapasi. Shuka likipita mbele yake, jicho lake lilikamata mkunjo ambao wenzake hawakuuona hata wakionyeshwa, na hapo shuka lilirudi mezani, likanyunyiziwa maji, likaanza safari upya.

"Mgeni analilalia, Mkunjo, halisomi," wenzake walimwambia.

"Mgongo wake utasoma," alijibu, akaendelea kukandamiza pasi.

Umri ulikuwa umemkimbia bila kuaga. Wazazi walifariki angali msichana, akabaki na dada yake mkubwa na wadogo wa kulea. Dada aliolewa mapema. Mkunjo akabaki na wale wadogo, akawasomesha, akawatoa nyumbani mmoja mmoja, na siku alipopata nafasi ya kujitazama kwenye kioo alijikuta anaikaribia arobaini, ana chumba kimoja kisafi sana na redio ya kumsemesha. Hakulalamika. Alishajizoesha kuwa mambo ya ndoa ni ya watu wengine.

Kisha lifti ya mizigo iliharibika.

Fundi aliyekuja kuitengeneza alikuwa mnene kiasi, mcheshi, mwenye tabia ya kuzungumza na mashine kama anabembeleza mtoto mkaidi. Kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Lifti ilipona siku ile ile, lakini wiki iliyofuata alirudi kuisikiliza, na iliyofuata tena akarudi kuisikiliza. Wenzake Mkunjo walianza kucheka chinichini.

"Lifti imepona zamani," mmoja alisema. "Fundi ndiye haponi."

Alimchumbia palepale mlangoni pa lifti, akiwa amevaa ovaroli, mfukoni kakunja kitambaa cha kufutia grisi, kipya, ambacho hakijaona grisi bado. Ndani yake kulikuwa na pete nyeupe inayong'aa.

"Sikuinunua," alisema, na kwa mara ya kwanza Mkunjo alimwona ana aibu. "Nimeikereza mwenyewe kule karakana. Ni chuma kisichoshika kutu. Sisi tutazeeka, tutakunjamana, yenyewe itang'aa tu."

"Nani atakunjamana? Mimi nina pasi," alisema Mkunjo, na akalia huku anacheka. Pete ilimwenea sawasawa.

Mwezi haujaisha, kidole kikaanza kumwasha. Mwanzoni alidhani ni sabuni. Kisha vikatoka vipele vidogo vyenye maji, pande zote chini ya pete, ngozi ikawa nyekundu, ikachubuka, na mvuke wa pasi ulipoipiga aliuma meno. Akajua. Utotoni aliwahi kuvishwa hereni za bei ya chini, masikio yakatoa maji mpaka zikavuliwa. Lakini hereni ni kitu kimoja, na pete ambayo mtu amesimama kwenye mashine kukukerezea ni kitu kingine.

"Wanasema chanda na pete," wenzake walimtania. "Vya kwako mbona vinapigana?"

Dada yake alimshauri kwa simu: "Mtu kakutengenezea kwa mikono yake, wewe umwambie inakuwasha? Paka mafuta, ukae kimya. Wanaume mioyo yao ni kama mayai."

Basi Mkunjo akapaka mafuta, akazungushia plasta, akivua pete kazini na kuirudisha kidoleni kila anapokutana na Fundi.

Wakati huohuo kulikuwa na suala la picha. Fundi alitaka kadi ya mwaliko yenye picha yao wawili, na hakutaka ile ya studio yenye pazia la buluu na maua ya plastiki. Mpiga picha, rafiki yake mwenye duka linalotazamana na karakana, aliwaambia watafute mahali kwanza, wakipata wamwite. Kwa hiyo kila Jumapili walitoka kutafuta mahali.

Walipanda juu ya paa la jengo la maofisi, maana Fundi alikuwa na funguo za vyumba vya mitambo karibu mji mzima. Huko upepo uliivamia sketi ya Mkunjo, akamng'ang'ania Fundi kwa mikono miwili, macho kayafumba, wakashuka wanacheka. Walijaribu ngazi za maktaba, zikawa na kutu kwenye vyuma. Walijaribu bustani, wakakuta maharusi wamepanga foleni mbele ya mti mmoja kama wanangojea maji. Kila mahali Fundi alimpiga Mkunjo picha kwa simu, kisha Mkunjo akampiga Fundi, ili waende wakalinganishe. Fundi aliposimama hakusimama katikati. Alisogea pembeni, akatoa kiwiko nje, akauacha mkono wazi.

"Kaa katikati bwana, unaharibu picha," Mkunjo alimwambia.

"Hapa katikati ni pako."

Mahali pazuri kuliko pote palikuwa stesheni ya zamani ya treni, isiyotumika. Kulikuwa na benchi refu la mbao, na mwanga ulipenya kwenye paa lililotoboka ukaanguka sakafuni vipande vipande. Fundi alisema wamefika, wasihangaike tena. Mkunjo alitazama, akatazama.

"Kuna doa ukutani," alisema.

"Doa litakaa nyuma yangu. Unafikiri huu unene Mungu alinipa wa nini?" Akamshika mkono amvute benchini, na hapo akaiona plasta imeteleza. Akaivua pete taratibu, akakitazama kidole kwa muda mrefu, kama anavyotazama nyaya.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ukakaa kimya?"

"Uliitengeneza mwenyewe, Fundi. Ningesemaje?"

"Ungesema, 'Fundi, inauma.' Maneno mawili tu. Mimi lifti ikiuma huniambia, wewe binadamu unashindwa?" Alisema kwa ukali, halafu akakipulizia kile kidole.

Ndiye aliyempeleka kwa daktari wa ngozi. Aliomba ruhusa kazini, akavaa shati jeupe ambalo Mkunjo alikuwa amelipiga pasi, akaketi karibu naye kama mzazi aliyeleta mtoto. Daktari, mama mmoja mpole, alieleza kwamba chuma cha aina ile huchanganywa na madini yanayoitwa nikeli, na kuna watu ngozi zao hazielewani nayo kabisa. Maji na sabuni vikikaa chini ya pete huzidisha. Akaandika dawa ya kupaka.

"Itapona," alisema. "Ila ukiivaa tena, itarudi. Na itarudi vibaya zaidi."

Walipokuwa wakingoja dawa, Fundi alitafuna vidonge vya kiungulia na kujisugua kifua kwa ngumi. Alikuwa na kiungulia hicho tangu siku nyingi, akikilaumu kila anachokula. Mkunjo alimwambia apunguze pilipili. Daktari alikuwa nyuma ya mlango hatua chache tu kutoka walipokaa, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kurudi kuugonga.

"Nitakutafutia ya dhahabu," Fundi alisema. "Hii weka kabatini iwe kumbukumbu ya ujinga wangu. Jumapili tukapige picha stesheni."

"Kidole kipone kwanza. Sitaki kuonekana na magamba kwenye kadi ya harusi yangu."

"Nani atatazama kidole?"

"Mimi."

Fundi alimtazama, akatikisa kichwa, akacheka. "Haya. Tusubiri mkunjo unyooke."

Kidole kilikuwa kimeanza kukauka vizuri Fundi alipofariki. Ilikuwa asubuhi ya katikati ya wiki. Alikuwa ameizima lifti ya jengo moja refu ili aifanyie kazi, na kwa kuwa ameizima yeye mwenyewe, ikabidi apande ngazi kwa miguu na sanduku lake la vifaa mpaka chumba cha mitambo. Hakufika. Mama wa usafi alimkuta ameketi kwenye ngazi, kaegemea ukuta, sanduku pembeni, akamsalimia na kumpita, akidhani anapumzika. Aliporudi na ndoo yake ndipo alipoelewa. Ni moyo, walisema hospitali.

Msimamizi alishuka chumba cha kufulia na kumwita Mkunjo pembeni. Mkunjo alikuwa na foronya mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "ahsante," akarudi, akaipiga pasi ile foronya upande wa kwanza, akaigeuza, akaipiga upande wa pili, akaikunja. Alipotaka kuchukua nyingine, wenzake walimshika mikono, maana walimwona hajui anachofanya.

Msibani kulikuwa na ndugu wengi wa Fundi ambao hakuwahi kuwaona. Alikaa chini karibu na mama wa marehemu. Shangazi mmoja aliyetoka safari alimtazama kuanzia kichwani mpaka kidoleni.

"Na huyu ni nani wetu?"

"Mchumba wake," mtu alinong'ona.

"Mchumba? Mbona hana pete?"

Mkunjo alinyanyuka, akaenda kwake, akafungua kabati, akarudi ameivaa. Alizika nayo, akapokea pole nayo, akaosha vyombo vya waombolezaji nayo. Siku zote za msiba hakuivua. Ikawasha, ikachoma, na yeye akaona afadhali ichome, kwa sababu pale palipouma ndipo mahali pekee alipojua kwa nini panauma.

Watu walipotawanyika, kidole kilikuwa kimevimba kimekuwa cheusi kama bilinganya, na pete imezama haionekani vizuri. Mama wa marehemu ndiye aliyekiona, alipokuwa anampa kikombe.

"Mwanangu! Hiki ni nini?"

Akamkokota mpaka zahanati, yeye mwenyewe magoti yanamsumbua. Muuguzi alijaribu kwa sabuni, akajaribu kwa uzi, akajaribu kikata pete, kikagoma. "Hiki hukata dhahabu na fedha," alisema, anafuta jasho. "Hii imenishinda. Tafuteni karakana, na mfanye haraka, damu haipiti vizuri."

Karakana waliyoijua ilikuwa moja. Mzee wa mashine ya kukerezea, aliyekuwa amefanya kazi bega kwa bega na Fundi, alikiweka kile kidole kwenye mwanga, akatelezesha bati jembamba kati ya pete na nyama, akaanza kukata kwa jiwe dogo la kusagia huku Mama akidondoshea maji ili chuma kisipate moto. Alikata upande mmoja, akapumzika, akakata na wa pili. Mkunjo hakulia kwa maumivu. Yule mzee ndiye aliyelia.

"Nilimwambia aikereze nyembamba kidogo," alisema. "Akasema la, huyu mwanamke anafanya kazi ngumu, isije ikapinda."

Kwenye ngazi za nje Mama aliuliza, "Alikuwa anajua inakudhuru?"

"Alijua. Alinipeleka hospitali mwenyewe."

"Wakamtazama na yeye?"

"Hapana, Mama. Tulikuwa tunatazama kidole."

Mama akashika ukuta, akaanza kushuka ngazi.

Picha ya pamoja hawakuwa nayo hata moja. Mkunjo alipekua simu yake na ya marehemu, akakuta yeye peke yake juu ya paa, Fundi peke yake juu ya paa. Yeye maktaba, Fundi maktaba. Mpiga picha, kwa huruma, alijitolea kuwaunganisha kwa kompyuta. Aliwaunganisha wale wa stesheni, akaifanya kazi kwa ustadi wote, hata vivuli vikaangukia upande mmoja. Lakini Mkunjo alipoitazama aliona watu wawili wanaongojea mabasi tofauti. Alimwomba aifute. Mama akachukua ile ya Fundi peke yake, akaitundika sebuleni vilevile ilivyo: kiwiko nje, mkono wazi, na benchi tupu katikati. Wageni walidhani imekatwa vibaya.

Ndugu walimwambia Mkunjo kwa upole kwamba halazimiki na chochote, hakuolewa, aendelee na maisha yake. Aliwashukuru. Jumapili iliyofuata akaenda kwa Mama, akapiga pasi mapazia, na baada ya hapo hakuna Jumapili aliyoikosa. Mwanzoni walizungumza habari za Fundi tu. Baadaye walizungumza habari za majirani, wakati mwingine wakagombana juu ya chumvi.

Siku moja Mama alilalamika kifua kinambana. Mkunjo hakungoja amalize sentensi. Alimvisha viatu, akafunga mlango, wakaenda hospitali kubwa, wakakaa kwenye benchi mpaka walipoitwa. Walimlaza, wakambandika nyaya, wakachora moyo wake kwenye karatasi. Daktari kijana alirudi anatabasamu, akasema bibi ana gesi tumboni tu, moyo wake ni wa msichana, utamfikisha mbali.

Mama alimshukuru. Walipofika ukumbini akaketi.

"Umesikia?" alisema. "Wa msichana. Wa kazi gani kwangu? Si wangempa yeye?"

Mkunjo alikaa karibu naye, mkoba wa Mama magotini. Akamshika mkono. Mama akalia kwa sauti, watu wakigeuka kuwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya foronya Mkunjo naye akalia vilevile, bila kujali nani anamwona. Walikaa hapo mpaka mfagizi alipofika na fagio lake, akawaomba radhi, wainue miguu kidogo.